Nimesoma riwaya 23 mwaka mzima, nazikumbuka nne tu. Nina tatizo?

Wakuu, habari za jioni.

Januari mwaka jana nilikwapuliwa simu dirishani mwa daladala, foleni ya Barabara ya Nyerere. Hela ya kununua nyingine sikuwa nayo, na Gongo la Mboto hadi Posta si mchezo. Nikabeba riwaya ya Vuta N'kuvute ya mdogo wangu, ile aliyosomea kidato cha sita, pembeni imejaa "dhamira" na "ujumbe" kwa kalamu nyekundu. Mimi shuleni nilikariri uchambuzi, kitabu chenyewe sikukifungua. Basi Yasmin alipomkimbia mumewe, yule mzee Raza, nikapitiliza kituo!

Hadi Juni nilisoma kwa raha. Kisha mwenzangu kazini akajigamba amesoma vitabu kumi na viwili, nikafungua daftari la kuhesabu na mimi. Tangu hapo ikawa mbio. Desemba nimefika 23. Juzi nalipitia daftari, kuna majina naona kama aliyeandika ni mtu mwingine. Zilizobaki kichwani: hiyo ya kwanza, Kuli, Rosa Mistika, na Nagona, ambayo ni nyembamba lakini ilinitesa miezi miwili na sikuielewa.

Mwaka huu nilipanga 30. Niendelee au niache kuhesabu?

Mzee wa Kiko: Kijana, sisi kitabu cha Musiba kilizunguka mtaa mzima, kikikufikia hakina jalada wala kurasa za mwisho. Nani angehesabu? Ila yule mpelelezi wake Willy Gamba alipigana na nani, wapi, uliza nikueleze. Kuna kimoja mwisho wake niliujua mwaka 2009.

FaidaKwanza: Riwaya ni uongo mtupu, mkuu. Soma vitabu vya biashara uone faida.

Binti Buguruni: @FaidaKwanza wewe ukitoka Kwa Mkapa kuangalia mpira unarudi na faida gani? Mwache mtu na raha yake.

FaidaKwanza: Timu yangu ikishinda nalala vizuri 😂

Mama Wawili: Mimi sioni tatizo kusahau. Pilau ya Idi iliyopita unaikumbuka ladha yake? Na ulishiba. Kinachonishangaza ni kwamba tatu kati ya hizo nne, kama nimekuelewa, ulizisoma kabla ya daftari.

Mtoa uzi: Dada umenishika. Ni kweli, Nagona peke yake ndiyo ya baadaye, na hiyo ilinikwamisha mbio, nikaichukia.

Mkutubi Mstaafu: Usiichukie. Kezilahabi, mwandishi wake, aliifuatisha na Mzingile, soma zote mbili pamoja, polepole, usitafute kisa kinachonyooka kama cha Rosa. Kama huna hela ya vitabu, nenda Maktaba Kuu pale Bibi Titi ukajiandikishe. Daftari usilitupe. Futa namba, halafu chini ya kila jina andika mhusika mmoja aliyekuudhi na kwa nini. Ukikosa cha kuandika, hicho hukukisoma, ulikipitia.

Binti Buguruni: Nimejaribu hapa hapa. Zakaria, baba yake Rosa. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Mtoa uzi: Nashukuru wote. Nimejaribu usiku huu, kati ya 23 nimepata watu tisa wa kuwakasirikia. Kesho naanza Kuli upya, na safari hii nakaa siti ya ndani, maana nina simu mpya.