Naomba ushauri, maabara haina maji na nafundisha kemia

Wakuu habari za jioni, nipo Newala huku juu kwa Wamakonde, nafundisha kemia fomu three na four shule ya kata. Jengo la maabara zuri tu ila bomba halitoi maji, tunategemea madumu na shida ya maji ya huku mnaijua. Juzi kwenye taitresheni (praktiko ya kupima asidi kwa besi) dogo mmoja kavuta HCl, yaani asidi ya haidrokloriki, na pipeti (mrija wa kupimia) kwa mdomo ikamfika kwenye ulimi, nashukuru Mungu ilikuwa dailuti (imezimuliwa kwa maji), nikamsukutulisha mpaka dumu la lita 20 likabaki na maji kidogo chini, mikono inanitetemeka. Sasa nawaza ingekuwa asidi ya salfuriki kali imemrukia jichoni? Jicho linatakiwa kuoshwa na maji yanayotiririka walau dakika 15, nayatoa wapi? Kumimina asidi kwenye maji na siyo maji kwenye asidi nimewaimbia mpaka wameshika, hilo sina wasiwasi.

Nimefikiria kuweka ndoo kubwa yenye koki kwenye stendi pale karibu na mlango, kuna aliyejaribu, maji yanatoka vizuri? Na zile balbu za mpira za kuvutia pipeti Mtwara mjini zinapatikana au niagize Dar? Praktiko za fomu four haziko mbali, nisaidieni jamani.