Nifuate Kijapani, ama nimsikilize baba mdogo?

Jambo wandugu. Niko Katuba, hapa Lubumbashi, mwaka wa pili chuoni. Mwaka mzima najifundisha Kijapani kwa simu: herufi 46 za hiragana nazo nimezimaliza, na zile za katakana pia. Kanji, zile herufi zilizotoka Uchina, ndiyo inanitoa jasho. Ile ya udongo na ile ya samurai zinatofautiana mstari tu: 土 mrefu uko chini, 士 mrefu uko juu. Juzi umeme ulikatika, nikaendelea na tochi. Asubuhi nikakuta nimejaza ukurasa mzima wa samurai mahali pa udongo!

Serikali ya Japani inatoa ufadhili wa MEXT (wizara yao ya elimu): miaka 5, wa kwanza ukiwa wa kujifunza lugha. Lakini nitaanza chuo upya, na ubalozi uko Kinshasa. Tiketi ya ndege peke yake inaogopesha. Njia nyingine ni shule ya lugha ya kujilipia. Huko mwanafunzi mwenye kibali anafanya kazi saa 28 tu kwa wiki.

Baba mdogo anasema niache, nisome Kichina, eti Wachina ndio wenye migodi. Hajakosea sana.

Naomba ushauri: nimalize kwanza lisansi (digrii) hapa, ama nijaribu sasa? Aliyepitia ubalozini Kinshasa anieleze, tafadhali.