Tupeane uzoefu: utumishi mdogo unaomfanyia Mungu mtaani kwako

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, na asalaam aleykum ndugu zetu Waislamu.

Kila tukigusia kumtumikia Mungu, mazungumzo hukimbilia kwa mapadre, wachungaji, mashekhe na wanakwaya. Leo naomba tuongelee wale ambao majina yao hayasomwi kwenye matangazo. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976, jumuiya ndogo ndogo waliziweka mbele: majirani wachache wanaosali pamoja na kujuana shida. Naamini kabisa uhai wa kanisa uko huko. Parokia ina watu wengi mno. Atakayegundua kwamba bibi fulani hajafungua mlango tangu jana ni mwanajumuiya mwenzake.

Naanza mimi, niko Dar. Kwenye jumuiya yetu kuna baba aliyepata kiharusi. Mkewe ni mama ntilie, asipotoka hakuna kula, kwa hiyo tumegawana zamu za mchana. Kazi kubwa ni kumgeuza. Mtu asiyeweza kujigeuza anatakiwa abadilishwe upande kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo vidonda vinaanzia kwenye makalio, nyonga na visigino. Nesi wa mtaani kwetu alituelekeza: usimburute, ngozi inachubuka. Mnakuwa wawili, mnashika shuka aliyolalia, mnamnyanyua kwa pamoja, mnaweka mto katikati ya magoti. Kisha unakagua mwili. Mahali palipobadilika rangi au penye joto, asipalalie tena. Tukimaliza tunasali naye rozari. Maneno hayatoki, lakini midomo inafuata kila Salamu Maria.

Haya, karibuni.

*

Kutoka Tanga:

Waaleykum salaam. Mimi ni mtu wa makaburini. Kwetu maiti hacheleweshwi; akifa asubuhi, mara nyingi alasiri tumeshamzika. Maana yake simu ikipigwa, lazima wawepo watu wa kuacha shughuli zao hapo hapo. Sururu, machepe na majembe ya mtaa yanakaa kwangu, nami ndiye nayatia mipini. Masika ndiyo mtihani wenyewe: udongo unaporomoka, maji yanajaa, na mwanandani, ule uwazi wa ndani ya kaburi wa kumlaza maiti, lazima ukatwe vizuri marehemu alale ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla. Kuzika ni faradhi kifaya, wakilitimiza baadhi yetu mji mzima umesalimika. Mimi naona ni heshima kubwa kuwa miongoni mwa hao baadhi. Maiti hawezi kukushukuru, na hapo ndipo nia yako inapojulikana ni ya nani.

Siku hizi nachimba na vijana. Wanajifunza kwa kushika jembe, na wakitoka hapo hata misikitini wanaonekana zaidi.

*

Kutoka Moshi:

Bwana Yesu asifiwe. Sisi Walutheri baada ya ibada tuna mnada wa sadaka za mazao: ndizi, mayai, kuku, maziwa. Nikijaliwa nanunua mkungu, napita nao kwa mjane mmoja jirani yangu. Fedha imeingia kanisani, chakula kimeingia jikoni kwake. Sina zaidi ya hapo.

*

Kutoka Nakuru:

Mimi huwasindikiza wazee wa mtaa kliniki ya sukari na presha. Natangulia alfajiri kushika foleni, wao wanakuja kukishapambazuka. Ndani nasikiliza maagizo ya daktari, kisha nyumbani namweleza shosho (bibi mzee) kwa Kikuyu dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni, maana vidonge vyenyewe vinafanana. Naomba Mungu anipe uvumilivu, hasa anaponiuliza jambo lile lile njia nzima.

*

Kutoka Mwanza:

Swali kwa wote. Kikundi chetu kikipeleka unga na sabuni kwa yatima, tunapiga picha na kuzirusha ili wengine wahamasike. Kuna ubaya?

*

Mwanzisha uzi:

Ndugu wa Mwanza, nakujibu kwa upendo: naona upo. Mathayo sura ya 6 Yesu anataka hata mkono wa kushoto usijue wa kuume umetoa nini. Na yule mtoto kesho anakwenda shule, wenzake wameshaiona sura yake akiwa ameshika mfuko wa unga. Kama mnataka kuhamasisha, pigeni picha magunia kabla hayajatoka, na hesabu za michango wasomeeni wachangiaji.

*

Kutoka Dodoma:

Nimehamia mtaa mpya, simfahamu mtu. Naanzia wapi?

*

Mwanzisha uzi:

Nenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa jumuiya, uliza nani anaumwa na nani anaishi peke yake. Usiende na mzigo mara ya kwanza, nenda kusalimia tu. Kaa, sikiliza, angalia kama ndoo zina maji na kama kuni zipo. Kisha ahidi kitu kimoja unachokiweza na useme siku utakayorudi, kwa mfano Jumamosi saa mbili asubuhi. Hiyo Jumamosi ikifika uwe mlangoni, maana mgonjwa atakuwa ameanza kukusubiri tangu saa moja.