Wauza vitabu wa Tanga, mtoto wa miaka kumi asome nini? Nimechoka na majibu yenu

Wakuu habari za usiku. Naandika hapa nimekasirika na wala sifichi, mtanivumilia kwa urefu maana hili jambo ninalo tangu Jumamosi na kila nikilala linanirudia.

Mie ni fundi cherehani, niko Ngamiani hapa Tanga mjini. Nina binti yangu wa miaka kumi, yuko darasa la nne. Huyu mtoto anasoma. Simsukumi, anasoma mwenyewe, anaingia chini ya meza yangu ya kukatia nguo anakaa juu ya vipande vya vitambaa anasoma mpaka kiza kinaingia. Anasoma paketi ya unga, anasoma gazeti lililofungiwa vitumbua, analinyoosha kwanza kwenye goti halafu anasoma hivyo hivyo na mafuta yake. Ana kitabu kimoja cha Abunuwasi aliachiwa na binamu yake, mgongo mzima selotepu, karatasi mbili za mwisho hazipo. Ile hadithi ya mwisho ameshaitungia mwisho wake mara nne, kila mara mwingine, ananisimulia huku nashona na nikikosea jina la mtu ananikatiza.

Sasa Jumamosi nilikuwa nimeweka elfu 20 pembeni, ya kushona sare za kwaya, nikamwahidi vitabu viwili. Nikasema leo tunaenda mimi na yeye achague kwa mkono wake. Tumezunguka kuanzia saa nne mpaka adhuhuri jamani. Haya maduka yenye bango la vitabu, ukiingia ndani ni madaftari, kalamu, fotokopi, picha za paspoti, halafu ukuta mzima vitabu vya maswali na majibu. Maswali na majibu darasa la nne, maswali na majibu darasa la saba, mitihani iliyopita, mitihani ya majaribio. Nikiuliza hadithi za watoto napelekwa kona ya chini kabisa karibu na mifagio, kuna vile vya "hiki ni kikombe, huyu ni paka", mtoto wa chekechea huyo! Nikisema mkubwa kidogo, miaka kumi, naletewa riwaya za mapenzi, kava mwanamke analia na mwanaume ameshika bunduki. Hapo katikati hamna kitu. Yani mtoto akitoka kwa paka na kikombe arukie moja kwa moja kwa hawara na bunduki?

Duka moja, silitaji, kijana akanitolea kitabu kimeandikwa kabisa hadithi za watoto, kava ina sungura amevaa suruali ya buluu. Elfu 6. Nikafungua mwanzo nikaona sungura na fisi, nikalipa. Kosa langu sikukisoma chote, na hili nalibeba, ila kwani mtu akinunua dawa ya mtoto iliyoandikwa ya mtoto anaenda kuipima maabara kwanza?

Usiku nimemaliza Isha, nakunja nguo za watu, binti yuko kitandani na kitabu chake, kimya, nafurahi. Mara nasikia, "Mama, hawara ni nini?" Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaenda nikakichukua. Hadithi ya kwanza sungura. Ya pili sungura. Ya tatu mwanaume anaenda kwa mganga apewe dawa mkewe asimkamate na mwanamke wa nje, na mambo ya chumbani yameandikwa waziwazi, siwezi kuyaweka hapa. Ya nne nayo hivyo hivyo, ya tano mtu anamtoa kafara mwanawe apate utajiri na mwisho wa hadithi tajiri yupo tu anaendesha gari. Kava ile ile, sungura na suruali yake. Mtu alikaa akaokoteza hadithi za magazeti huko akazipiga chapa pamoja akaweka sungura juu ili mama kama mie anunue.

Jumatatu nikakirudisha. Mwenye duka mtu mzima, nimemwamkia shikamoo, nimemwelezea kwa adabu nikamfungulia ukurasa. Akasoma mistari miwili akakifunga. Akaniambia, "Mama, sisi tunauza tu, hatusomi." Hatusomi! Mtu anauza vitabu! Na mzigo ukishatoka haurudi, akanionyesha karatasi ukutani. Halafu ndo akaongeza lile neno lililonipandisha mori, kwamba tusijisumbue, watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, wanapenda simu. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni yangu na lile begi lake la shule, akanitazama mimi. Sikumjibu yule mzee. Nilitoka, maana ningesema maneno ya kunivunjia heshima mbele ya mtoto.

Sasa nawauliza nyie wenye maduka, na nyie wachapishaji kama mnapita humu, mtoto hapendi kusoma nini? Mmempa nini akakikataa?

Nimejaribu na vya kutafsiriwa, hiyo ni kabla ya hii elfu 20. Duka jingine nilipata kimoja karatasi nzuri za kung'aa, picha nzuri kweli, elfu 12. Ndani Kiswahili hakuna. "Mbwa mwitu mkubwa mbaya akasema ndani ya moyo wake mwenyewe." Theluji kurasa tatu nzima. Sina shida na theluji, mtoto ajue dunia, ila mtafute mtu anayekijua Kiswahili akae na maneno. Hapa ni Tanga, mtoto amelelewa na bibi mzaa baba Mdigo anayetamba hadithi kila mwezi ukiandama, hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea, mtoto kama huyo akisoma sentensi imekaa upande anasikia. Binti yangu aliniuliza kama huyo mbwa mwitu ana moyo wa mtu mwingine.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba vitu vya kuandikia tunavyo hapa hapa mlangoni. Mapango ya Amboni yako kilomita kama nane tu kutoka mjini, kila mtoto wa Tanga ameshasimuliwa lile pango linalotokea Mombasa na yule mbwa aliyeingia akapotea akaja kuonekana huko Kilimanjaro, na Osale Otango aliyekuwa anajificha humo akiwasumbua Waingereza. Kuna magofu ya Tongoni. Kuna silikanti! Samaki aliyehesabiwa kwamba alishatoweka tangu enzi za dinosaria, akaonekana Afrika Kusini 1938, na wavuvi wetu wa hapa Tanga wakaanza kumtoa kwenye nyavu zao miaka ya 2000, mpaka hifadhi ya bahari ikaanzishwa kwa ajili yake mwaka 2009. Nilimsimulia binti yangu hiyo habari, akaja na maswali kumi na tano, anakula nini, anaishi kina gani, mbona hakufa na wenzake. Nimezunguka nikikitafuta hicho, kitabu cha Kiswahili cha mtoto kuhusu silikanti, hapa hapa anapovuliwa, muuzaji mmoja akaniuliza hiyo ni topiki ya darasa la ngapi.

Kila kitu topiki ya darasa la ngapi. Ndo ugonjwa wenyewe huo. Kitabu kikitaka kuingia shule kinatafuta ithibati, yani kibali cha kutumika shuleni, kikishaipata kinauzika, kisipoipata muuzaji hataki kukiweka maana mzazi ananunua kile mwalimu alichoandika kwenye karatasi tu. Na sisi wazazi tumo humo humo, nisiwaonee wauzaji peke yao. Mzazi mwenzangu aliniona na kile kitabu cha elfu 12 akaniambia si bora ungemlipia tuisheni. Na shuleni kwao, shule siitaji, binti alinyang'anywa Abunuwasi wake akaambiwa hiki hakipo kwenye mtihani. Kilikaa ofisini wiki mbili. Nilienda kukiomba mwenyewe kama naomba mtu polisi.

Mnakumbuka Februari 2023 wizara ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni kwa ajili ya maadili. Mie niliunga mkono na bado naunga mkono, sitaki mwanangu asome vitu visivyo vya umri wake, si hichi hichi ninacholalamikia hapa? Ila vile vilikuwa vya Kiingereza, vya shule za ada kubwa, wengine hata kuviona hatujaviona. Huku kwetu cha sungura na hawara kinauzwa elfu 6 juu ya meza hamna anayekikagua. Na ukishamwondolea mtoto kitabu kibaya mkononi unampa kipi? Mkono unabaki mtupu.

Mie nimesoma shule ya msingi ya serikali miaka ya tisini mwishoni na darasani kulikuwa na sanduku la mbao la vitabu vya hadithi. Ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991 ulikuwa unanunua vitabu vya Kiswahili kwa wachapishaji unapeleka shule za msingi, vyembamba, picha za wino, watoto wenye majina kama yetu, mmoja kapotelewa na mbuzi, mwingine anasafiri na basi peke yake. Ijumaa tulikuwa tunagombania. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani, nimekishika kwa mikono yangu hicho ninachokitafuta.

Na hii ndo Tanga ya Shaaban Robert jamani. Kazaliwa Vibambani 1909, kaburi lake lipo Machui, daladala unafika. Adili na Nduguze yake ya 1952 namsomea binti mwenyewe usiku, namwelezea maneno magumu njiani, anaipenda sana tu. Lakini atasoma hiyo na Abunuwasi asiye na mwisho mpaka lini?

NYONGEZA, asubuhi: nimesoma majibu yenu. Wanaosema nipakue PDF, nashukuru, najua zipo hadithi za bure za Kiswahili mtandaoni na nyingine nzuri, ila simu ni moja, ni hii ya wateja wangu, na akiishika dakika kumi ameshaingia kwenye video. Nataka kitabu anachoweza kuingia nacho chini ya meza. Wanaosema maktaba, naijua na anaenda, ninachotaka ni chake, aandike jina lake ndani, amwazime rafiki yake. Wanaosema niagize Dar, nimeagiza mara moja, kitabu cha elfu 8 nauli ya basi elfu 5, na huwezi kukifungua kabla ya kulipa, na baada ya lile sungura sinunui tena kitu sijakisoma ukurasa kwa ukurasa.

Mliotaja ile Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi, kwamba ilianza kutolewa 2023 na siku hizi kuna kipengele cha hadithi za watoto, ahsanteni, hilo limenipa moyo kweli. Sasa hivyo vilivyoshinda mie nimeuliza maduka manne Tanga mjini, hakuna hata mmoja aliyejua naongelea nini. Mwenye kujua vinapouzwa aniambie duka na mtaa.

Na mwenye kitabu amekisoma mwenyewe na mwanae wa miaka nane mpaka kumi na mbili, Kiswahili kimenyooka, hamna matusi, hamna waganga wa kafara, na kinavutia maana wa kumchosha hatomaliza hata kurasa tano, aandike jina la kitabu, mchapishaji na bei. Kile cha sungura nimekifungia kabatini juu, nimebakiwa na elfu 14, na Jumamosi hii nimeshamwambia tunaingia tena mjini.