Skuta ya kwanza kwa binti wa miaka mitatu na nusu: ninunue ipi?

Mama Nasra, Tabata

Habari zenu wadau. Mwanangu Nasra ana miaka mitatu na nusu, kilo 14. Watoto wa jirani wana skuta za kusukuma kwa mguu na kila jioni anasimama pale kungoja zamu yake, kwa hiyo nataka kumnunulia ya kwake. Jumamosi nilipita Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikaonyeshwa aina tatu. Moja ya chuma, inakunjwa, magurudumu mawili membamba. Muuzaji anasema ataitumia mpaka darasa la tano. Nyingine ina matatu, mawili mbele na moja nyuma, yanawaka taa yakizunguka. Ya mwisho ya betri. Bajeti yangu isizidi elfu 80. Uani kwetu kuna pevin, ila nje ya geti ni vumbi na bodaboda tupu. Ninachohofia zaidi ni meno na kichwa. Nisaidieni.

Fundi wa Buguruni

Dada, ya betri iache kabisa. Ya kusukuma mtoto akiacha kupiga mguu inaishiwa mwendo yenyewe, na kwa umri wake hiyo ndiyo breki anayoimudu. Ile ya chuma nayo si ya sasa. Ni nzito, na ikimponyoka ubao unazunguka na kumpiga kifundo cha mguu. Hizo huletwa sana kwangu, na mara nyingi kilicholegea ni pale pa kukunjia.

Chukua ya magurudumu matatu, lakini usilipe kabla hujaikagua, maana zipo za namna mbili. Kuna ambayo usukani unazunguka kama wa baiskeli, na kuna ambayo usukani hauzunguki: mtoto akiegemea kulia, nayo inaelekea kulia. Napenda hii ya kuegemea. Ile nyingine mtoto akikata kona ghafla inaweza kupinduka.

Nenda na Nasra mwenyewe, apande palepale dukani. Usukani uishie kati ya kiuno na kifua chake. Ukimfika kidevuni, siku skuta ikigota kwenye jiwe ndipo meno yatakapogonga. Ubao uwe chini karibu na sakafu, mpana, una mikwaruzo isiyoteleza. Kisha bonyeza tairi kwa ukucha: ikiwa ngumu kabisa na inapiga kelele kwenye vigae, ni plastiki tupu, inateleza pakiwa na maji. Tafuta ya poliyurethani, ile laini inayofanana na mpira, inabonyea kidogo. Taa zisikutie hofu, zinawashwa na sumaku gurudumu likizunguka, hazina betri ya kuchaji. Chini ya ubao soma kibandiko cha uzito. Zipo za mwisho kilo 20, zipo za 50. Kama haina kibandiko chochote, mrudishie mwenye duka.

Nesi wa Mbagala

Mama Nasra, nipo chumba cha majeruhi, acha niseme la kofia. Mtoto akianguka mbele hutanguliza mikono, ndiyo maana tunapokea sana waliovunjika mfupa wa mkono karibu na kiganja. Kichwa ndicho kisichostahili kubahatishwa. Pima kwa futi ya fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi, kuzunguka kichwa chote. Wa umri wake mara nyingi ni kama sentimita 50. Nunua kofia ya baiskeli ya kipimo hicho, ndani iwe na alama EN 1078, yaani kiwango cha Ulaya cha usalama wa kofia za baiskeli. Ya bodaboda hapana, ni nzito mno kwa shingo yake.

Ikae sawa, vidole viwili tu juu ya nyusi, mikanda ipite mbele na nyuma ya sikio, na chini ya kidevu paingie kidole kimoja au viwili. Siku akisukwa mabutu ya juu kofia haikai, msuke ya kulaza. Na akienda kwenye bembea mvue, mkanda unaweza kunasa ukamkaba.

Baba Imran, Kisauni

Shemeji, geti litiwe komeo la juu asilolifikia, na awepo mtu mzima anayemtazama, si dada wa miaka saba. Viatu vya kufunika vidole, ndala hapana. Mwanangu alikuwa akisukuma kwa mguu wa kulia tu; mfundishe abadilishe mguu, miguu yote ipate nguvu.

Mama Nasra, Tabata

Asanteni sana, Mungu awabariki. Kaka fundi, nimeambiwa Ilala kuna za mtumba za Ulaya kwa elfu 35. Zinafaa? Na ile breki ya nyuma ya kukanyaga, atajua kuitumia?

Fundi wa Buguruni

Zinafaa, dada, nyingine imara kuliko mpya. Igeuze juu chini, zungusha kila gurudumu: likikwaruza au kuyumba, beringi imekwisha, mwambie akupunguzie, kubadilisha ni kazi ndogo. Ila ubao ukiwa na ufa, hata uzi wa ufa, usiichukue kwa bei yoyote. Breki, mfundishe kwanza kushuka kwa kuweka mguu chini. Kukanyaga nyuma kutakuja baadaye. Na kila wiki kaza skrubu za usukani, mtikisiko wa pevin huzilegeza.

Bajeti yako inatosha skuta ya mtumba pamoja na kofia mpya. Kofia usinunue ya mtumba, huwezi kujua kama imeshagonga chini.