Picha ya mishipa safi, halafu moyo umefeli?

MwanaTanga: Wakuu habari, mama ana miaka 63, presha na sukari anazo kitambo, siku hizi akipanda ngazi kidogo tu anahema na jioni miguu inavimba. Kapigwa picha ya mishipa ya moyo wakasema haijaziba, eko (ultrasound ya moyo) nayo inasema moyo unasukuma asilimia 60 ya damu yake, ambayo ni kawaida, alafu daktari anasema moyo umefeli. Umefelije sasa?

Tabibu_K: Pole sana. Ile picha inaonyesha mishipa mikubwa, vile vidogo vya chini ya nusu milimita havionekani na ndo vinalisha msuli wenyewe. Presha na sukari vinavichakaza, vinashindwa kutanuka, msuli nao unakakamaa, kwa hiyo moyo unasukuma vizuri ila haulegei ujae damu. Utafiti mmoja wa 2018 ulipima wagonjwa 202 wa aina hii, asilimia 75 walikuwa na shida ya hivyo vimishipa.

MamaJ: Mi niliambiwa ni wasiwasi tu, miaka miwili nazungushwa! Usikubali mama aambiwe hana kitu, sisi wanawake tukishakoma hedhi hii inatupata sana.

MwanaTanga: Asanteni, nimepata nguvu. Dawa ipo?

Tabibu_K: Ipo, muulize daktari wake kuhusu empagliflozini, ni ya sukari ila tangu 2021 imeonekana inapunguza kulazwa kwa wagonjwa hawa, wapime figo kwanza. Presha ishuke, chumvi apunguze, apime uzito kila asubuhi, ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache mpelekeni haraka.