Korosho zikifika ukubwa wa gololi zinapukutika, ni joto?

Mkulima wa Newala
Shikamooni wakubwa. Nina mikorosho 60 hapa Newala, na 40 aliyoniachia baba kule bondeni, njia ya Masasi. Ya huku juu nilianza kuipiga salfa, dawa ya ugonjwa wa unga mweupe, mwishoni mwa Juni, imebeba vizuri. Ya bondeni ilichelewa, ikachanua Agosti mwishoni. Juzi nimekuta chini kumejaa vikorosho vyeusi vilivyokunjamana. Mti mmoja tu nimeokota 212. Unga mweupe sikuuona. Marehemu baba angesema jua limezila. Kweli jua linakula korosho?

Mama Tandahimba
Mwanangu, tafuta vidonda kwanza. Mbu wa mikorosho akifyonza anaacha doa jeusi lililobonyea. Mimi niliwahi kulisingizia jua, kumbe ni mbu, msimu wote ukaniponyoka.

Mkulima wa Newala
Mama, nimevigeuza kimoja kimoja. Hakuna doa, vimenyauka kuanzia kwenye kikonyo.

Bwana Shamba Mstaafu
Basi baba yako hakukosea. Mkorosho ni mti wa joto, wastani wa nyuzi 24 hadi 28 unaupendeza na unavumilia zaidi ya hapo. Lakini korosho changa haina uvumilivu huo. Yenyewe ndiyo hutangulia kukua, inatimiza ukubwa kwa kama mwezi mmoja, bibo, lile tunda laini, linavimba baadaye. India wanaonya kuhusu nyuzi 39 hadi 42 katika hatua hiyohiyo ya gololi. Huko bondeni huenda msifike huko, ila upepo mkavu wa Oktoba na udongo usioonja mvua tangu Mei vinaongeza makali, na mti unaachia usichoweza kukinywesha. Hata mwaka mzuri huangusha vichanga vingi, kwa hiyo 212 zote usizihesabu hasara.

Tazama tarehe zako. Ya juu ilichanua kwenye ubaridi na ukungu, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukaifuata, salfa ikaiokoa, ikakomaa kabla ya jua kali. Ya bondeni iliukwepa ubwiriunga ikaangukia kwenye jua. Sasa salfa usiipige mchana, itaunguza maua. Majani makavu usiyachome, yafunike mizizi. Ukipandikiza upya, ulizia kituo cha utafiti cha Naliendele miche ya kubebeshwa inayowahi kuchanua.

Mkulima wa Newala
Asante sana mzee. Majani nilishayakusanya nichome Jumamosi. Kesho alfajiri nashuka kuyarudisha chini ya miti.